Mstari wa Kalamu Juu ya Ngozi

Chumba cha kupimia vena hutakiwa kiwe na joto. Mtu akihisi baridi vena zake hujikunja na kujificha, na vena iliyojikunja huonekana nyembamba kuliko ilivyo. Kwa hiyo mpimaji mzuri wa mishipa huanza kazi kabla ya kuigusa mashine: hufunga dirisha, huzima feni, humfunika mgonjwa shuka, kisha humkalisha ukingoni mwa kitanda mguu ukining'inia ili damu ishuke na kuijaza vena. Hupaka jeli ya uvuguvugu. Probu ya ultrasaundi huiweka kinenani kwa wepesi wa mtu anayegusa utando wa buibui, maana vena haina ukuta mgumu kama wa ateri. Ukiikandamiza kidogo tu hulala bapa, na ukipima kitu kilicholala bapa utaandika uongo. Kutoka kinenani huteremka nayo taratibu upande wa ndani wa paja, hupita goti, hufika kwenye kifundo cha mguu, akipima upana kila baada ya sentimita kadhaa, na hapa na pale akibonyeza makusudi aone kama vena inafumba sawasawa, kwa sababu isiyofumba ina damu iliyoganda ndani au ukuta uliokakamaa. Na kadiri anavyokwenda huchora kwa kalamu ya wino, juu ya ngozi, mstari unaoifuata njia ya vena iliyo chini yake.

Mstari huo huchorwa kwa ajili ya upasuaji wa mchepuko. Ateri ya paja ikiziba, damu haifiki mguuni inavyopaswa. Mtu huanza kwa kuumwa shavu la mguu akitembea. Baadaye huumwa usiku akiwa amelala. Mwishowe kidole huwa cheusi au kidonda hukataa kupona. Hapo daktari wa upasuaji wa mishipa hufanya kama wajenzi wa barabara mji unapofurika magari. Huichukua vena ya mgonjwa mwenyewe, ile vena kubwa ya safena ipitayo chini ya ngozi upande wa ndani wa mguu, akaishona juu ya pale palipoziba na chini yake, damu ikapata njia ya kando. Watu humsifu daktari huyo, na anastahili. Mimi nataka kumsifu aliyechora mstari, na sifa yangu imebeba hoja. Nasema hatima ya mguu ule husomeka mapema kuliko tunavyodhani, na husomeka hasa mahali pawili, katika upana wa vena na katika mishipa ya unyayo. Nasema usomaji huo ni ufundi wa mkono na sikio, hata mashine iwe ya bei gani. Na nasema thamani yake ni katika kile unachowezesha kifanyike. Mpiga ramli hutaja litakalokuja, mteja akarudi nyumbani na hofu yake. Nahodha naye hutabiri, lakini akiona wingu jeusi linapanda hupunguza tanga. Mpimaji wa mishipa ni wa ukoo wa nahodha.

Mchepuko wa kwanza wa namna hii ulifanywa Paris tarehe 3 Juni 1948 na Jean Kunlin, aliyekuwa akifanya kazi chini ya René Leriche. Kunlin aliishona vena kwenye ubavu wa ateri, juu na chini, badala ya kuikata ateri na kuunga ncha kwa ncha, na hivyo akainusuru ile mishipa midogo ya pembeni ambayo mwili huikuza polepole ili ikabiliane na mzibo. Vena yenyewe aliigeuza juu chini, kwa kuwa ina vali zinazoiruhusu damu kupanda tu, na sasa ilitakiwa kushuka. Mshono alikuwa ameurithi kutoka kwa Alexis Carrel, aliyechapisha namna yake ya kuunga mishipa ya damu huko Lyon mwaka 1902 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Inasimuliwa kwamba Carrel alijifunza kuishika sindano ndogo kwa wadarizi wa mji huo. Yeyote aliyewahi kutazama kofia ya viua ikitengenezwa, tundu baada ya tundu, hatalistaajabia jambo hilo.

Lakini mshono mzuri kwenye vena mbaya ni kazi bure, na hapa ndipo kipimo kinaposhika hatamu. Poiseuille, tabibu wa Kifaransa wa karne ya 19, alionyesha kwamba kiasi cha maji kinachopita katika bomba jembamba hutegemea nusu ya upana wake ikizidishwa kwa yenyewe mara nne. Maana yake, vena yenye upana wa milimita 4 inaweza kupitisha mara 16 ya kile kinachopitishwa na vena ya milimita 2, msukumo ukiwa uleule. Damu si maji na vena si bomba la chuma, kwa hiyo hesabu haitimii kwa usahihi huo mwilini, ila mwelekeo wake hautupotezi. Jaribio lililoitwa PREVENT III, lililochapishwa mwaka 2006, lilihusisha wagonjwa 1,404 wa Amerika ya Kaskazini waliowekewa mchepuko wa vena kwa sababu mguu ulikuwa hatarini. Dawa iliyokuwa ikijaribiwa haikusaidia kitu. Kilichobaki ni hazina ya takwimu: baada ya mwaka mmoja, ni asilimia 61 tu ya michepuko iliyokuwa bado wazi bila kuguswa tena, na miongoni mwa dalili zilizotangulia kushindwa, wembamba wa vena ulikuwa mstari wa mbele. Vena iliyopungua milimita 3 ilionekana wazi kuwa na bahati ndogo. Tofauti kati ya mguu unaobaki na unaokatwa, basi, huweza kuwa upana wa punje ya mtama, na punje hiyo huonekana siku moja kabla ya kisu, kwa mtu aliyekumbuka kufunga dirisha.

Angalia sasa anachofanya mpimaji akiiona vena ya milimita 2. Hasemi mguu huu umekwisha. Huhamia mguu wa pili. Hukuta, kwa baadhi ya watu, kwamba safena inagawanyika pacha pajani, na lile tawi lisilotazamwa ndilo pana. Akikosa miguuni hupima mikono, kwa maana vena za mkono nazo hushoneka mguuni, vipande viwili vikaungwa kuwa kimoja. Na ile kalamu ya wino ina faida nyingine ambayo haisemwi sana. Daktari asiye na ramani huitafuta vena kwa kisu, akiiachanisha ngozi na nyama iliyo chini yake, na ngozi iliyoachanishwa katika mguu wenye njaa ya damu hukawia kupona au huoza kabisa. Mwenye ramani hukata juu ya vena moja kwa moja. Kwa hiyo picha iliyotabiri matokeo imeshaingia katika matokeo yenyewe. Aliyekuja kutazama amekuwa mmoja wa wajenzi.

Mahali pa pili pa kusoma ni unyayoni. Mfereji hauna maana kama shambani hakuna pa kuyapokea maji, na mchepuko ulioshonwa kwenye ateri isiyo na njia mbele yake hujaa damu iliyosimama, ikaganda. Uwezo wa kuipiga picha mishipa ya mtu aliye hai ulizaliwa Lisbon: mwaka 1927 Egas Moniz aliionyesha mishipa ya ubongo kwa eksirei, na mwaka 1929 Reynaldo dos Santos akaionyesha aota. Hata hivyo miongo mingi ilipita picha za mguu zikiishia juu ya kifundo. Sababu moja ilikuwa ya kiufundi, dawa ya kuonyesha mishipa ilikuwa imeshachanganyika na damu na kufifia ilipofika chini. Sababu nyingine ilikuwa imani. Uchunguzi wa mwaka 1959 ulikuwa umewashawishi madaktari kwamba kisukari huziba mishipa midogo kabisa ya mguu, ile isiyoonekana kwa macho, na kama ni hivyo, mchepuko wa nini? Mwenye kisukari na kidole cheusi alikatwa mguu kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyeliona mguuni mwake. Mwaka 1964 Eugene Strandness na wenzake waliilinganisha miguu ya wenye kisukari na ya wasio nacho na hawakuiona tofauti hiyo. Haikutosha. Mwaka 1984 Frank LoGerfo na Jay Coffman waliandika upya, kwa ukali wa kitaaluma, kwamba ugonjwa huo wa mishipa midogo kama kizuizi haupo. Kinachoziba kwa mwenye kisukari ni zaidi ateri za chini ya goti, na mara nyingi ateri za unyayo zenyewe zimesalimika.

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani ya miguu isiyohesabika, na iliwezekana kutumika kwa sababu LoGerfo na wenzake wa Boston walikataa picha inayoishia kifundoni. Walidai filamu iteremke mpaka vidoleni, mguu upigwe picha kwa ubavu pia, dawa isubiriwe ifike. Na kule chini, baada ya giza la muundi mzima, ikatokea tena ateri nyembamba ya juu ya unyayo, iko wazi, inasubiri. Wakaanza kushona hapo. Mwaka 2003 walichapisha hesabu ya michepuko 1,032 iliyofika kwenye ateri hiyo kwa wagonjwa 865, walio wengi wakiwa na kisukari: baada ya miaka mitano, asilimia 78 ya miguu ilikuwa haijakatwa. Kisu cha mwaka 1960 kingeweza kuifanya kazi hiyo. Kilichokosekana ni sentimita 20 za picha. Nikifikiria ufundi wa kupiga picha huwa narudi kwenye kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba utabiri mbaya mara nyingi huanzia mahali mtazamaji alipochoka kutazama.

Tuje kwenye sikio. Mwaka 1842 huko Prague, Christian Doppler aliandika juu ya mwanga wenye rangi wa nyota pacha. Kuhusu rangi za nyota alikosea, lakini kanuni aliyoitoa ilikuwa kweli: wimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyokuja au kwenda. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, akaweka wanamuziki kando ya reli wasikilize sauti ikipanda na kushuka treni ilipopita. Sikio la mwanamuziki ndilo lililokuwa mashine ya kwanza ya Doppler. Karne moja baadaye Shigeo Satomura wa Osaka aliuelekeza mlio usiosikika na binadamu kwenye moyo na mishipa, na huko Seattle Strandness yuleyule, pamoja na wahandisi wa chuo kikuu, akasaidia kuunganisha katika chombo kimoja picha ya mshipa na mwendo wa damu ndani yake. Hicho ndicho chombo kilichoko kando ya kitanda leo, na anayekitumia bado husikiliza kabla ya kuhesabu. Ateri ya mguu yenye afya ina mapigo matatu katika kila pigo la moyo: moja kali la kwenda mbele, moja fupi la kurudi nyuma, na jingine dogo la kwenda mbele tena, kama mpiga ngoma aliyepiga kwa kiganja na kumalizia kwa vidole. Penye mbano damu hukimbia, kama mkondo unavyoongeza kasi ukipita kati ya visiwa viwili, na sauti hugeuka mluzi. Baada ya mbano hubaki pigo moja, pana, laini, la kuchoka. Mtaalamu husikia mlango ukifungwa sentimita kumi kabla ya kuuona.

Kisha huhesabu, na hapa ufundi wake huwa mkali kama wa sonara. Mashine haiwezi kuujua mwendo wa damu mpaka iambiwe pembe iliyopo kati ya mlio na mkondo, na pembe hiyo huwekwa na mkono wa mtu anayezungusha kijistari kwenye skrini. Kawaida iliyokubaliwa ni nyuzi 60 au pungufu. Tuseme damu inakwenda kwa nyuzi 60 naye kwa haraka akakiweka kijistari kwenye 65. Mashine itautangaza mwendo uliozidi ukweli kwa asilimia 18. Damu iendayo sentimita 260 kwa sekunde itaandikwa 307. Nyuzi tano ni mzunguko mdogo kuliko tone la jeli, na kama nitakavyoeleza, namba 300 ni mpaka unaoweza kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Hata rangi zina mtego wake. Asiyejua akiona nyekundu hudhani ni ateri, akiona bluu hudhani ni vena, kumbe rangi husema tu kama damu inaikimbilia probu au inaikimbia. Ukigeuza mkono, ateri ileile huwa bluu. Kinachoitwa picha ya ultrasaundi ni mazungumzo kati ya mkono na mwili, na skrini huandika muhtasari wake.

Mchepuko ukishashonwa huwa na vipindi vitatu vya hatari. Ndani ya siku 30 za kwanza, ukiziba, mara nyingi sababu ni ya ufundi: mshono uliobana, vali iliyosahaulika, vena iliyojisokota, au ateri ya kupokelea iliyochaguliwa vibaya. Kuanzia hapo mpaka kama mwaka wa pili, tatizo ni vena yenyewe. Ilizoea damu ya polepole inayopanda kuelekea moyoni. Sasa imepigwa na msukumo wa ateri, nayo hujibu kwa kunenepesha ukuta wake wa ndani, kama kiganja kinavyoota sugu kwa jembe. Sugu hiyo ikizidi mahali pamoja hujenga mbano. Baada ya miaka miwili ule ugonjwa wa mwanzo huendelea na safari yake, juu na chini ya mchepuko. Kipindi cha kati ndicho uwanja wa mpimaji, kwa sababu ya jambo moja la kuogopesha: vena inayobana haiumi. Mguu una joto, kidonda kinafunga, mgonjwa anatembea, na ndani damu inapita kwenye tundu linalozidi kuwa dogo, hadi siku moja inasimama yote kwa mara moja. Mchepuko uliobana lakini ungali wazi hurekebishwa kwa puto la kuupanua mshipa kwa ndani au kwa kiraka kidogo, na huweza kudumu miaka. Uliokwisha kuganda huokolewa kwa shida na mara nyingi haudumu.

Dennis Bandyk na wenzake, kwanza Milwaukee na baadaye Tampa, walitumia miaka mingi kutafuta namba zinazoutenganisha mbano wa kusubiri na mbano wa kuwahi. Walizofikia zinatumika hadi sasa: mwendo unaozidi sentimita 300 kwa sekunde mahali penye mbano, au unaozidi mara 3.5 ya mwendo uliopo kabla yake, na hasa ikiwa mwendo katika sehemu nyingine ya vena umeshuka chini ya sentimita 45. Namba mbili za kwanza huonyesha mlango ulivyo mwembamba. Ya mwisho huonyesha kwamba mto mzima umeanza kusinzia. Zikikutana, hakuna sababu ya kungoja. Nazipenda namba hizi kwa sababu kila moja imefungamana na tendo. Hazimwambii mgonjwa atapoteza mguu. Zinamwambia aje Jumanne.

Hapa mpinzani mwenye haki ana neno zito. Uingereza walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 594 ambao mchepuko wao wa vena ulikuwa wazi siku 30 baada ya upasuaji. Nusu walifuatiliwa kwa ultrasaundi, nusu kwa uchunguzi wa kawaida wa daktari pamoja na kipimo cha presha ya kifundoni. Baada ya miezi 18, waliokatwa mguu walikuwa asilimia 7 kila upande. Idadi ya michepuko iliyobaki wazi ilikuwa karibu sawa. Kilichotofautiana wazi ni gharama. Sitaki kuupita ushahidi huu kwa kuzunguka, kwa maana ni mzuri na umefanywa kwa uangalifu. Ukweli kwamba jaribio dogo la Sweden la mwaka 1995 liliona faida kwa michepuko ya vena haufuti matokeo hayo. Ninachokiona ndani yake ni hiki: kuipima michepuko yote kwa kiwango kimoja ni kumpa kila abiria koti moja la mvua bila kuuliza nani anaelekea wapi. Vena pana, iliyo nzima, iliyoshonwa kwenye ateri nzuri, ikiwa safi katika wiki ya sita, ina uwezekano mdogo wa kuharibika, na mwenye nayo akiitwa mara nne kwa mwaka hapati alichokosa. Vena ya milimita 2.8, iliyoungwa vipande, iliyoonyesha mluzi katika kipimo cha kwanza, ni jambo jingine. Ukiwachanganya wote, wanaohitaji humezwa na wasiohitaji. Kipimo cha mapema hutumika kuchagua nani alindwe kwa karibu, na hiyo ndiyo kazi halisi ya utabiri. Nakiri kwamba hii ni hoja na haijawa ushahidi wa uzito uleule. Lakini jaribio lile lilihoji ratiba, na ratiba ni kitu cha kurekebishwa. Halikuuliza kama sikio linasikia kweli.

Mpinzani wa pili atasema majaribio makubwa ya karibuni yanapingana, kwa hiyo utabiri wowote ni kubahatisha. Ni kweli yalionekana kupingana. BEST-CLI, lililochapishwa mwaka 2022 likiwa na wagonjwa 1,830, lilionyesha kwamba wenye vena nzuri ya safena walifaidika zaidi na mchepuko kuliko na matibabu ya puto na stenti: madhara makubwa ya mguu au kifo yaliwapata asilimia 42.6 dhidi ya 57.4. BASIL-2 la Uingereza, mwaka 2023, wagonjwa 345 wenye ugonjwa wa chini ya goti, likapata kinyume: kukatwa mguu juu ya kifundo au kufa kuliwapata asilimia 63 ya walioanzia mchepuko na 53 ya walioanzia puto. Majarida ya kitaaluma yaligombana. Mimi naomba tuangalie mlangoni mwa jaribio la kwanza. Kabla ya kura kupigwa nani aende wapi, wagonjwa waligawanywa makundi mawili kwa swali moja: ana vena moja nzima inayofaa, au hana? Katika kundi la wasio nayo, faida ya mchepuko haikuonekana kwa uhakika. Jaribio kubwa kuliko yote ya aina yake, basi, lilisimama juu ya kazi ya mtu mwenye probu katika chumba chenye joto. Majaribio mawili yanayotofautiana yananiambia kwamba wastani wa umati hautoshi, na kwamba swali la mguu huu mmoja lazima liulizwe juu ya mguu huu mmoja.

Pingamizi lililo gumu kwangu ni la tatu: picha huuona mshipa, haimwoni mtu. Katika ile hesabu ya Boston, michepuko iliyokuwa wazi bila kuguswa tena baada ya miaka mitano ilikuwa asilimia 57 hivi, miguu iliyobaki asilimia 78, na watu waliokuwa bado hai hawakufika nusu. Namba hizo tatu nimezitazama sana. Zinafundisha kwanza kwamba mguu unaweza kuishi baada ya mchepuko kufa. Kidonda kilihitaji damu nyingi ili kipone. Kikishapona, ngozi iliyofunga hujitosheleza kwa damu kidogo. Mchepuko ulikuwa daraja la magogo, na msafara umeshavuka. Pia kinyume chake hutokea, mchepuko uko wazi na damu inavuma, lakini maambukizi yameshakula mfupa wa kisigino na mguu unakatwa hivyohivyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2014 madaktari wengi hutumia mpango wa kupima mambo matatu kwa pamoja, ukubwa wa kidonda, upungufu wa damu na maambukizi, kabla hawajasema lolote juu ya hatima. Nalikubali pingamizi hili zima. Linabadilisha swali ambalo mpimaji anapaswa kulijibu. Kumwahidi mzee wa miaka 79 vena ya kudumu miaka kumi si huduma. Kumwambia kwamba vena yake itahimili miezi sita, na kidonda chake kinahitaji minne, ni utabiri unaomheshimu, na unaweza kumfanya aridhike na upasuaji mdogo au aukatae mkubwa akiwa na akili zake timamu.

Na huku kwetu? Kiswahili kilikuwa na jina la kidonda kikaidi, donda ndugu, kabla kisukari hakijawa gumzo la kila kaya. Dar es Salaam, Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika kwa miaka mingi juu ya mguu wa kisukari, wakionyesha ni vidonda vingapi vinavyotokana na ganzi ya neva na maambukizi yaliyocheleweshwa. Mtu atasema, penye madaktari wachache wa mishipa, kipimo kinachotabiri matokeo ya mchepuko ni pambo. Nasema kinyume. Doppler ndogo ya mkononi, inayoingia mfukoni na kutumia betri, hutenganisha mguu ambao ateri zake zinasikika zikipiga mapigo matatu na ule uliokauka. Wa kwanza unahitaji kusafishwa, dawa na kiatu cha kupunguza uzito. Wa pili unahitaji rufaa ya haraka. Kwa macho ya mtu aliyechoka, saa nane usiku, yote miwili inanuka na ina weusi, na yote miwili huweza kuitwa imekufa. Hata kipimo cha presha kifundoni humdanganya asiye mwangalifu, maana ateri ya mwenye kisukari hujaa chokaa, haibanwi na mkanda, na presha husomeka kubwa wakati unyayo una kiu. Fundi anayejua hilo huiacha namba na kuisikiliza sauti, au hupima presha ya kidole gumba cha mguu, ambako chokaa mara nyingi haijafika.

Yako maabara yanayofundisha kompyuta kuzisoma picha hizi, na nayatakia heri. Kompyuta haichoki saa nane usiku. Lakini itasoma kile ilichopewa, na kinachotolewa kimepita kwanza katika mkono uliojua kuacha kubonyeza.

Asubuhi ya upasuaji mgonjwa huingizwa akiwa na ule mstari mguuni. Muuguzi huusafisha mguu kwa dawa na mstari hubaki, kwa sababu wino wake ulichaguliwa hivyo. Penye upana wa kutosha kuna mistari miwili sambamba. Penye tawi kuna alama ndogo ya msalaba. Chini ya goti, mahali ambapo vena inajificha kidogo kabla ya kutokea tena, kuna nukta, kisha maandishi madogo: 3.4. Daktari huweka ncha ya kisu juu ya wino, pale kinenani, na kuufuata.